Picha nyeusi na nyeupe katika harusi za Wahindi

Picha nyeusi na nyeupe za harusi za Wahindi ni kumbukumbu za ndoa zilizopigwa kwa filamu isiyo na rangi, ambayo chembe zake za chumvi ya fedha huwa nyeusi zikishapata mwanga na kusafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Kwenye pwani ya Waswahili, sehemu kubwa ya kazi ya studio ilikuwa mikononi mwa Wahindi, kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, na studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa. Katika harusi ya Kihindu, kitovu cha picha ni mandapu, yaani kibanda kilichopambwa ambamo maharusi huzunguka moto mtakatifu. Filamu ya ortokromati, isiyohisi mwanga mwekundu, huifanya sari nyekundu ionekane karibu nyeusi, ilhali ile ya pankromati, inayohisi rangi zote, huionyesha kijivu. Baada ya filamu za rangi kuenea, mtindo wa picha nyeusi na nyeupe umebaki kuwa chaguo la kisanaa.