Magazeti ya Tarehe 26 Septemba 1983

Sisi walimu tumezoea kuwapa wanafunzi gazeti la kale na kuwaambia, "Siku yenyewe ndiyo hii." Zoezi hilo ni jema, nasi hatukusudii kuliacha. Lakini ziko siku ambazo magazeti yake hayakutaja lile lililokuwa kubwa kuliko yote, wala si kwa uvivu wa waandishi. Tuichukue Jumatatu ya tarehe 26 Septemba 1983.

Siku hiyo Wakenya walipiga kura katika uchaguzi mkuu ulioitishwa kabla ya wakati wake, chini ya chama kimoja cha KANU. Basi magazeti ya Nairobi yalikuwa na shughuli ya kutosha. Waingereza walikuwa na habari ya wafungwa 38 waliotoroka jana yake katika jela ya Maze, Ireland ya Kaskazini. Huko New York, Rais Reagan alilihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa juu ya kupunguza silaha za nyuklia. Na huko Newport mashua ya Australia II iliwanyang'anya Wamarekani kombe la America's Cup, walilokaa nalo miaka 132. Waaustralia walikesha kwa ajili yake.

Yote hayo yalistahili kuandikwa. Lakini kabla hakujapambazuka siku hiyo, muda mfupi baada ya saa sita ya usiku kwa saa za Moscow, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika handaki la Serpukhov-15, kusini ya mji huo. King'ora kikalia: setilaiti ziliarifu kwamba Marekani imefyatua kombora. Likafuata la pili, hata yakatimia matano. Ilikuwa imepita wiki tatu na ushei tu tangu ndege ya kivita ya Kisovyeti kuitungua ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, wakafa watu 269, na mataifa hayo mawili makubwa yalikuwa yakitazamana kwa jicho la shari.

Petrov aliwaza kwamba anayeanzisha vita vya nyuklia hatumi makombora matano. Tena mtambo wenyewe ulikuwa mpya. Akawaarifu wakubwa wake kuwa mtambo umekosea, naye hakuwa na hakika. Dakika zikapita; rada za ardhini hazikuona kitu. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu ya juu. Ama malipo yake, kama alivyosimulia mwenyewe, yalikuwa karipio kwa kutojaza daftari la zamu.

Hapa lugha yetu yatusaidia. Tukio ni lile lililotokea. Habari ni lile lililoletwa, na hapana budi awepo mwenye kulileta. Mambo ya usiku ule yalifichwa hata miaka ya 1990, na gazeti lingeyapata wapi? Mwanafunzi akipima ukubwa wa siku kwa ukubwa wa herufi za ukurasa wa kwanza, atadhani mwaka ule dunia ilihangaishwa na mashua.

Petrov alifariki tarehe 19 Mei 2017. Magazeti ya dunia yalitangaza msiba huo mwezi wa Septemba, baada ya rafiki yake wa Ujerumani kupiga simu kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, akajibiwa na mwanawe.