Alhamisi Saa Sita Mchana: Mahakama ya Maji ya Valencia

Wasafiri wanaoniuliza wakaangalie nini Hispania huwa tayari na orodha yao: Alhambra kule Granada, msikiti mkuu wa Córdoba uliogeuzwa kanisa, kanisa la Gaudí kule Barcelona, na kwa wapenda soka, viwanja viwili vitatu. Siwakatazi. Ila mimi nimezaliwa Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro, penye mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, na kazi yangu yote imekuwa ya umwagiliaji. Kwa hiyo huwaomba waongeze jambo moja: wawe Valencia siku ya Alhamisi, na kabla ya saa sita mchana wawe wamesimama mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu la mji. Hapo hukaa mahakama isiyo na jengo wala mawakili, inayosikiliza mashauri kwa mdomo tu, na hukumu yake haikatiwi rufaa. Waamuzi wake ni wakulima.

Ili kuelewa kilichowakutanisha wakulima hao, tuanze na ardhi yenyewe. Mto Turia huteremka kutoka milima ya Teruel kuelekea Bahari ya Mediterania, na karibu na Valencia hupita kwenye uwanda wenye udongo mzuri sana, ambao wenyeji huuita Huerta. Udongo upo, jua lipo, lakini mvua si ya kutegemea: miezi ya Juni hadi Agosti hupita karibu bila tone, kisha Septemba na Oktoba inaweza kuja gharika. Mboga na machungwa haviwezi kungoja mawingu. Enzi ya utawala wa Waislamu, ulioanza karne ya 8, kwenye uwanda huo ulitandazwa mtandao wa mifereji iliyoanzia kwenye mabanio ya mtoni. Minane ndiyo yenye viti mahakamani: Quart, Benàger i Faitanar, Mislata, Favara na Rovella upande wa kulia wa mto, Tormos, Mestalla na Rascanya upande wa kushoto. Shabiki wa soka ameshalisikia mojawapo ya majina hayo. Uwanja wa klabu ya Valencia, uliofunguliwa 1923, uliitwa Mestalla kwa jina la mfereji wa hapo.

Wenyeji huhesabu kwamba mahakama ilianza mwaka 960, enzi ya Khalifa Abd al-Rahman III wa Córdoba, na mwaka 1960 walisherehekea miaka elfu. Wanahistoria bado wanabishana juu ya tarehe hiyo, lakini kwenye jambo kubwa hawagombani: utaratibu wa kugawa maji ulikuwapo kabla ya ushindi wa Wakristo. Mfalme Jaume I alipoutwaa mji mwaka 1238, aliwapa wakazi mifereji, akabakiza kwake ule mkubwa wa Moncada, na akaagiza maji yatumike kama yalivyokuwa yakitumika enzi ya Waislamu. Mfalme aliyekuwa amegeuza kila kitu, kuanzia dini mpaka umiliki wa mashamba, aliona mgawo wa maji usiguswe. Angeuvuruga, mji wake mpya ungekosa chakula.

Mgawo wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio unaonifanya niwavulie kofia waliouanzisha. Maji ya Turia hayakugawanywa kwa lita. Yalihesabiwa kuwa mafungu 138, na kila mfereji ukapewa idadi yake: Favara 14, kwa mfano, na Mislata 10. Fungu si ujazo maalumu, ni sehemu ya kile kilichopo. Mto ukijaa, mafungu yote hunenepa. Mto ukikonda, yote hukonda kwa uwiano uleule. Hakuna mfereji unaoshiba huku mwingine ukifa kiu. Ukiufuata mfereji mkuu hadi unapogawanyika, utakuta jiwe lililochongwa kama ulimi, ncha yake ikiukabili mkondo. Maji yanafika pale, yanachanwa sehemu mbili, kila upande unakwenda na chake. Hakuna mita ya kusoma wala kufuli la kuvunja. Mkulima asiyejua kusoma anasimama ukingoni, anatazama ulimi wa jiwe, na anajua kama amepunjwa. Nimeona skimu nyingi zenye mageti ya chuma na vipimo vya kisasa ambazo mkulima wake hana njia ya kujua hilo.

Hata mgawo mzuri namna hiyo huwa na wavunjaji. Yuko anayefungulia maji usiku ambao si zamu yake. Yuko asiyesafisha kipande chake cha mfereji, na yuko anayeacha maji yafurike hadi kwenye shamba la jirani, mbegu zikaoza. Kesi kama hizo ndizo zinazofika Mlango wa Mitume. Kengele ya mnara wa Miguelete inapogonga saa sita, wawakilishi wanane, ambao huko huitwa síndico, wanakuwa wameketi nusu duara kwenye viti vya mbao na ngozi, ndani ya uzio mdogo wa chuma. Wamevaa kanzu fupi nyeusi za mkulima wa Huerta. Tarishi wao, ameshika fimbo yenye kulabu ya shaba, anaomba ruhusa ya mwenyekiti kisha anaita kwa sauti, kwa lugha ya Kivalencia, washtakiwa wa mfereji wa Quart, halafu wa mfereji unaofuata, mpaka yote minane iishe. Kama hakuna anayejitokeza, kikao kimekwisha kwa dakika chache, na wazee wanavuka uwanja kwenda kwenye jumba lao la mikutano kuzungumzia mambo ya kawaida ya mifereji. Alhamisi nyingi huwa hivyo. Watalii wengine huondoka wamenuna kwa kukosa kesi. Mimi naona mfereji usio na kesi ndio ushahidi kwamba mahakama inafanya kazi.

Kesi ikiwapo, mlinzi wa mfereji humleta mshtakiwa. Mlalamikaji anaeleza, mshtakiwa anajitetea mwenyewe, waamuzi wanauliza maswali, wanainamiana kushauriana palepale, na hukumu inatolewa. Asiyefika huitwa tena Alhamisi ya pili na ya tatu, kisha huhukumiwa bila yeye kuwapo. Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila kamati ya maji duniani iinakili: mwakilishi wa mfereji wenye kesi haamui. Na mshtakiwa akitoka upande wa kulia wa mto, wanaopendekeza hukumu ni wa upande wa kushoto. Akitoka kushoto, wanapendekeza wa kulia. Hawa hawana ujamaa naye wala hawagombei naye maji ya mfereji mmoja.

Utaratibu wa namna hii ulikuwa na kila sababu ya kufutwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Bunge la Cádiz lilipotaka Wahispania wote wawe chini ya mahakama za aina moja, mahakama za kimila ziliwekwa kwenye orodha ya kuondolewa. Mwaka 1813 mbunge wa Valencia, Francisco Xavier Borrull, alisimama kuitetea Mahakama ya Maji, na ikanusurika. Mwandishi Vicente Blasco Ibáñez, mzaliwa wa mji huo, aliiingiza kwenye riwaya yake *La barraca* ya mwaka 1898, na hakuipamba: mkulima mgeni anahukumiwa humo bila haki kwa sababu ya uongo wa jirani. Vizuri kwamba aliandika hivyo, maana mahakama ya wenyeji huweza pia kumwonea asiye na ndugu. Katiba ya Hispania ya 1978, kifungu cha 125, ilizitambua mahakama za kimila, na mwaka 2009 UNESCO ikaiandikisha hii ya Valencia, pamoja na baraza kama hilo la Murcia, kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka huohuo Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika kitabu chake cha 1990 kuhusu mali za pamoja, bustani za Valencia zilikuwa miongoni mwa mifano yake ya watu wanaoweza kuitunza rasilimali bila kuiuza wala kuikabidhi serikali.

Kwetu Marangu jambo hilo lilijulikana bila kitabu. Mzee wa mfongo aligawa zamu, na asiyefika kwenye kazi ya kusafisha alitozwa pombe ya mbege. Utaratibu huo ulilegea pale maamuzi ya maji yalipohamia kwa watu wasiolima kando ya mfongo. Valencia walishikilia kwamba mwamuzi awe mkulima: síndico huchaguliwa na wamwagiliaji wenzake, na sharti awe analima ardhi yake mwenyewe. Akigawa maji vibaya, mahindi yanayokauka ni ya jirani zake, na Ijumaa atakutana nao njiani.

Tishio la leo halitoki bungeni. Baada ya mafuriko ya tarehe 14 Oktoba 1957 yaliyoua watu zaidi ya 80, mto ulihamishiwa mkondo mpya kusini mwa mji, na mkondo wa zamani ukageuzwa bustani ya umma yenye urefu wa kilomita 9 hivi. Hilo lilikuwa la lazima. Lakini katika miongo iliyofuata barabara, bandari na maghorofa yamezidi kuimeza Huerta. Mfereji wa Rovella uliomwagilia mashamba sasa unapita chini ya mitaa. Mwaka 2019 FAO iliitambua Huerta kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na heshima hiyo inasaidia, ila haiwezi kulima.

Ndiyo maana nikimwelekeza msafiri huwa simwachi uwanjani. Kikao kikiisha, namwambia aende Alboraya, kaskazini tu mwa mji, aone maji ya Rascanya yakiingia kwenye mashamba ya chufa, mmea wa jamii ya ndago wenye vijizizi vitamu, kisha anywe horchata, kinywaji cheupe baridi kinachotengenezwa kwa vijizizi hivyo. Akirudi mjini apite Soko Kuu lililofunguliwa 1928, aulizie vitunguu na nyanya za Huerta, anunue hizo. Mahakama ya Maji haiishi kwa picha tunazoipiga. Inaishi maadamu kuna mkulima ambaye zamu yake ya maji ina thamani ya kugombewa, na mkulima huyo anabaki shambani pale tu mazao yake yanaponunuliwa.