Karo ya Chuo Ukambani: Kutoka Zizini Hadi Kwenye Fomu

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa Wakamba kwa madai kwamba mifugo imezidi ardhi. Muindi Mbingu akaongoza umati hadi Nairobi kudai ng'ombe warudishwe, na mwishowe akahamishiwa Lamu kwa nguvu. Kisa hicho husimuliwa kama sura ya siasa. Mimi nakisoma pia kama sura ya elimu, kwa kuwa Kitui na Machakos ya wakati huo, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, hazikuwa na benki ila zizi. Fahali ndiye aliyelipa mahari na kununua nafaka wakati wa njaa. Shule zilipoanza kudai ada, akapelekwa mnadani yeye yule.

Chuo kilihitaji zaidi ya fahali. Kitili Mwendwa wa Kitui alisoma Makerere, kisha Uingereza, na mwaka 1968 akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi, lakini pia alikuwa mwana wa Chifu Mwendwa Kitavi. Serikali ilikuwa imeanzisha hazina ya mikopo mwaka 1952 kwa waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, na mwaka 1959 ndege aliyoitafuta mwanasiasa Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 hadi Marekani. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari hizo ziendelee. Hata hivyo, nauli haikuwa karo, wala karo haikuwa chakula na koti la baridi. Kilichopungua kilitafutwa nyumbani.

Ukambani ilikuwa na chombo chake tayari. Mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana, ulikuwapo kabla ya Jomo Kenyatta kuifanya harambee kuwa wito wa taifa. Baada ya uhuru, nguvu hiyo hiyo iligeuzwa kuwa shilingi. Watu walimchangia kijana mmoja, wakachangia madarasa, kisha wakajaribu kujijengea chuo kizima: Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, iliyojulikana kama UKAI, kule Kwa Vonza, Kitui. Taasisi hiyo haikufika mbali kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2008 mahali pake pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya.

Waliofika chuo kikuu miaka ya sabini walikula vizuri. Mpango wa mikopo ulioanza 1974 uliwapa hata posho, ile waliyoiita bumu, na wapo walioituma nyumbani kulipia wadogo zao. Neema hiyo ilikatwa mwaka 1991, wanafunzi wakatakiwa kuchangia gharama, vyuo vikachafuka. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa kwa sheria mwaka 1995.

Hapo ndipo fomu ilipochukua nafasi ya fahali. Ilitaka muhuri wa chifu, saini ya kiongozi wa dini, wadhamini wawili na vitambulisho vyao, na kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kwa mtoto wa Nairobi hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kwa wa Kyuso au Mutomo, huko Kitui, kila saini ilikuwa na nauli yake, na ofisi ya bodi ilikuwa Anniversary Towers, katikati ya Nairobi, hadi vituo vya Huduma vilipofunguliwa katika kaunti.

Fomu pia huuliza mzazi anapata kiasi gani kwa mwaka. Mwaka gani? Mkulima wa ndengu hupata mvua zake za kutegemea Novemba na Desemba, huvuna mwanzoni mwa mwaka, na huuza maembe majira hayo hayo. Vyuo hufungua Agosti au Septemba, ghala likiwa tupu na mbuzi wamekonda. Mvua ikikosekana kama mwaka 1984, hakuna cha kuandika.

Basari za maeneo bunge, zilizotokana na sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge (CDF) ya 2003, na zile za kaunti zilizofuata ugatuzi wa 2013, zilikuja kuziba pengo hilo. Zimesaidia, ingawa hutolewa vipande vipande na hufuata ratiba ya wanasiasa. Mapema mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, kwa kuwa Katiba imeziachia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Nao mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu wa 2023, unaompanga mwanafunzi kwa kipimo cha uhitaji, ulikataliwa na Mahakama Kuu Desemba 2024, kisha ukafuata mvutano wa rufaa.

Kwa maoni yangu, mwethya umesomesha watu wengi wa Ukambani kuliko unavyotajwa katika historia yoyote ya elimu ya juu. Kama kwenu kuna daftari la michango, kadi ya harambee ya karo au barua ya mkopo ya miaka ile, usiitupe: andika majina na mwaka nyuma yake, uitunze.