Kirusi Hutangulia: Kutoka Mulago hadi Majengo

Wanaosimulia historia ya saratani zinazotokana na maambukizi huanzia Mulago, Kampala. Hapo mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari, hospitali baada ya hospitali, hadi kusini mwa Afrika, wakabaini kwamba uvimbe huo hufuata joto na mvua, kule kwenye malaria nyingi. Nairobi, mji wa nyanda za juu, iliwapokea wagonjwa kutoka kwingine. Peter Clifford aliwatibu kwa dawa katika hospitali tunayoiita Kenyatta leo. Mwaka 1964, jijini London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.

Mimi ningekaa zaidi Majengo, Pumwani, humo humo Nairobi. Mtaa huu wa miaka ya 1920 ulikuwa na wanawake wenye nyumba zao wakati serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika awe mpita njia tu mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walifika kuchunguza kisonono na vidonda vya sehemu za siri miongoni mwa wanawake waliouza ngono. Elizabeth Ngugi, muuguzi, ndiye aliyekaa nao barazani akawafanya wasemaji wa afya yao wenyewe. Bila yeye, naamini, kliniki ya watafiti hao isingedumu. Damu ilipopimwa mwaka 1985, takriban thuluthi mbili walikuwa na VVU. Wachache hawakuambukizwa licha ya miaka mingi ya hatari, na dunia ikaja mbio kutafuta siri ya chanjo ndani ya miili yao.

Miaka hiyo hiyo, Ujerumani, Harald zur Hausen alikuwa akionesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV. Habari hizi mbili zilichelewa kukutana. Kinga iliyodhoofishwa na VVU hushindwa kufukuza HPV, na mwanamke mwenye VVU hukabiliwa na hatari ya saratani hiyo takriban mara sita zaidi. Fedha za utafiti zilikuja kwa ugonjwa mmoja mmoja. Mwili wa mwanamke haukugawanyika hivyo.

Kenya ilizindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Wakati huo Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, na wenzake walikuwa wakiwachanja wasichana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu. Matokeo ya mwaka 2022: dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 baada ya miezi 18, na kabla mwaka haujaisha Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itoshe.

Aliyeandikishwa Majengo mwaka 1985 akiwa na miaka 20 sasa amefika sitini, ikiwa dawa za kupunguza makali zilimfikia mapema. Chanjo ya mjukuu haimhusu. Yeye anahitaji kupimwa mlango wa kizazi, hata kwa siki tu, katika chumba kile kile anachochukulia vidonge vyake.