Watu Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikusudia bidhaa za dukani na shehena za jahazini, lakini methali hii yawafaa hata wanadamu. Mtu asipoandikwa, naye hupotea bila habari. Na sisi tulio visiwani tuna sababu ya kulitazama jambo hili huko Kinondoni na Temeke, mitaa ya Dar es Salaam walikohamia na kuzikwa wengi wa jamaa zetu.

Kando ya barabara ya Bagamoyo, katika wilaya ya Kinondoni, yapo makaburi ya vita. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipolazimika kuondolewa karibu na ufuko wa mji ili kupisha barabara mpya. Mifupa ilihama, majina hayakupotea, kwa kuwa daftari lilikuwapo. Hata leo mjukuu aliye London aweza kutafuta jina la babu yake katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, akajua kaburi li wapi.

Sasa tuwatazame wapagazi. Katika vita hivyo hivyo, maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, na Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yawasifu kwa jumla tu, haimtaji hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ile ile ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Kitukuu wa mpagazi aanzie wapi kumtafuta?

Yawezekana msomaji akadhani kuwa hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Hasha! Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanzania Bara ina asili yake mwaka 1920, na kwa miongo mingi Waafrika walio wengi hawakulazimika kuandikwa. Hata baada ya hapo, desturi imekuwa kutafuta cheti cha kifo panapokuwa na mirathi. Marehemu asiyeacha nyumba wala fedha benki huzikwa, husomewa, matanga huanuliwa, na mambo yakaishia hapo. Kibao cha mti huoza. Hivyo daftari limewahifadhi zaidi wenye mali, na mvuvi au mama muuza vitumbua hana pa kuonekana.

Aliyeandikwa naye hutafutwa kwa taabu. Aliyefia Manzese katika miaka ya 1990 alikuwa mtu wa Kinondoni; leo Manzese imo wilaya ya Ubungo. Kigamboni nayo ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya. Mipaka husogea, daftari la zamani likisahauliwa katika kabati la ofisi, mchwa ndiye msomaji wake wa mwisho. Tangu mwaka 2006 kazi ya usajili imo mikononi mwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kuandika vifo vipya ni jambo jema, lakini vitabu vikuukuu navyo vyataka kunakiliwa na kufunguliwa.

Wapo wanaohofia siri za marehemu, na hofu yao ni ya haki, kwani ugonjwa uliomuua mtu si habari ya barazani. Basi sababu ya kifo na ifichwe kwa muda mrefu. Lakini jina, tarehe na mahali vyamdhuru nani? Sheria ya nyaraka za taifa ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kufungua kumbukumbu za serikali. Kipimo hicho chafaa hapa pia, na anayeulizia nasaba yake asidaiwe shauri la mirathi ndipo asikilizwe.

Watunzi wetu wa tenzi walizoea kutia jina na tarehe katika beti za mwisho, ili ajaye ajue ni nani aliyenena na lini. Walio wengi hawakutunga. Daftari la vifo ndilo ubeti wao wa mwisho, na watoto wao wana haki ya kuusoma.