Makala ya mwezi wa saba

Mwezi wa sita na wa saba, Dzaleka baridi inauma kweli, na siku inaanzia kwa makala. Neno hilo ni letu sisi Wakongomani na ni la Wachewa pia (Mtanzania ndiye anayeng'ang'ania mkaa). Unauliza "bwanji?", unasema "tsitsani", punguza mama, mnaelewana.

Kabla ya 1994 hapa hapakuwa na soko. Palikuwa gereza la wafungwa wa siasa wa Kamuzu Banda. Kambi ilipangiwa watu kama 10,000; leo tumepita 50,000.

Sweta na makoti ni kaunjika, mitumba ya kutoka Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na kitu. Wenzetu wengi walifungua maduka huko. Kisheria haikuwa sawa: Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilikataa kufungwa na vifungu vya uhuru wa kutembea na wa kazi. Miaka mingi watu waliachwa tu. Machi 2023 serikali ikaamuru waliokuwa mijini warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakamata na kufunga maduka.

Mwezi uliofuata ni wa sita. Aliyekuwa anauza makoti Lilongwe anabembeleza bei ya koti hapa, kwa watu wasio na hela. Mtu wa shirika akiona blanketi la msaada linauzwa sokoni, kwanza aulize bei ya makala siku hiyo.