Sharti Lisiloandikwa: Kompyuta, Mwanafunzi na Milango ya Ajira Tanzania

Tangazo la nafasi ya dereva daraja la pili katika utumishi wa umma Tanzania halimtaki mwombaji ajue kompyuta. Linataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C na mafunzo ya msingi ya udereva. Ukisoma hadi masharti ya jumla, ndipo unapokuta kuwa maombi hayapokelewi ila kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji anapaswa kufungua akaunti kwa barua pepe yake na namba ya kitambulisho cha taifa, kuskani vyeti, kuandika barua na kuisaini, kisha kupakia vyote. Mtu ambaye kazini atashika usukani tu hana budi kwanza kushika kibodi.

Makala haya yanadai kwamba kwa mwanafunzi wa kawaida wa sekondari nchini, faida ya kwanza ya ujuzi wa kompyuta ni kupita mlangoni. Tija ya kazi na alama za darasani, ambazo ndizo hutajwa sana kwenye sera, huja baadaye, na ushahidi wake una utata kuliko tunavyopenda kukiri.

Chukua mishahara. Mwaka 1993 mwanauchumi Alan Krueger alionyesha kwamba Marekani wafanyakazi wanaotumia kompyuta walilipwa takriban asilimia 10 hadi 15 zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yalishangiliwa. Miaka minne baadaye John DiNardo na Jörn-Steffen Pischke walipima takwimu za Ujerumani kwa njia hiyohiyo na kukuta kwamba hata wanaotumia penseli kazini walikuwa na nyongeza inayokaribia hiyo. Kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba penseli hupandisha mshahara, ilibidi ikubalike kuwa sehemu kubwa ya nyongeza ile ilitokana na aina ya watu na aina ya kazi, wala si chombo chenyewe.

Darasani hali inafanana. Nchini Peru, utafiti wa mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto uliofanywa katika shule 319 za vijijini haukuona ongezeko la ufaulu katika hisabati wala lugha. Kenya iliahidi vipakatalishi kwa darasa la kwanza katika uchaguzi wa 2013, zabuni ya kwanza ikavunjika, na tangu 2016 ikasambaza vifaa zaidi ya milioni moja. Swali la mwalimu atavifanyia nini likabaki nyuma ya swali la vimefika vingapi. Yako matokeo mazuri pia. Mjini Delhi, programu ya Mindspark iliyompa kila mwanafunzi maswali ya kiwango chake iliinua alama waziwazi. Lakini pale kilichofanya kazi ni mpangilio wa mafunzo, na mpangilio haununuliwi pamoja na mashine.

Turudi mlangoni, kwa sababu huko ndiko tofauti inakoonekana kwa macho. Ingia steshenari yoyote karibu na stendi msimu wa maombi. Kijana anamkabidhi mhudumu bahasha ya vyeti. Mhudumu anamfungulia barua pepe, anachagua nenosiri mwenyewe, pengine analiandika kwenye daftari lake. Barua ya maombi inatolewa kwenye faili la mteja aliyetangulia; jina na cheo vinabadilishwa, makosa ya tahajia yanabaki. Kijana analipa, anaondoka. Ikiwa ataitwa kwenye usaili, au cheti chake kikikataliwa kwa kuwa hakikuthibitishwa, taarifa itamsubiri katika akaunti asiyoweza kuifungua. Simlaumu mhudumu, bila yeye wengi wasingeomba kabisa. Ila kijana huyo ameyakabidhi maisha yake ya kazi kwa daftari la mtu mwingine, na hakuna takwimu ya elimu inayomhesabu kama asiyejua.

Mlango huu haungoji ajira. Mhitimu wa kidato cha nne anayetaka kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, hufanya hivyo kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu huingia kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, na kosa moja la kiambatisho linaweza kumkwamisha mtoto wa maskini ambaye mkopo ulikusudiwa yeye hasa.

Watasema vijana wana simu janja. Wanazo wengi, na wanazimudu kuliko walimu wao. Lakini kuperuzi na kutuma sauti hakumfundishi mtu kuandaa waraka, kuupa jina, kuuhifadhi, kuupunguza ukubwa na kuupata tena baada ya miezi sita. Mzoefu wa simu hukwama hapohapo anapokwama asiye nayo.

Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilitolewa 2007, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika shule nyingi za umma. Hata hivyo somo la kompyuta katika mtihani wa kidato cha nne limebaki la wachache. Mpango wa kuongeza mashine una umuhimu wake, ila ningependa kuona shule zikiulizwa jambo jingine: ni wahitimu wangapi waliojaza fomu zao wenyewe, kwa barua pepe waliyoifungua wenyewe? Matokeo hutoka Januari na dirisha la tahasusi hufunguliwa wanafunzi wakiwa wameshatawanyika nyumbani. Kwa hiyo zoezi la kufungua barua pepe na kujaza fomu lifanyike kabla ya mtihani wa Novemba, kwa zamu kama mashine ni chache, likisimamiwa na mwalimu yeyote anayejua kujaza fomu, hata kama anafundisha Kiswahili au jiografia.